SADMA (1983): Miaka yote hii tunamwonea Nehalata bure

Mkanda wa Deki (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wapenzi wa mapicha ya Kihindi ya zamani sogeeni. Nataka tuiongelee Sadma, ile ya Kamal Haasan na Sridevi, ila tusiende kwa staili ya kila siku ya "andaa leso, hilo picha balaa". Kwamba inaliza, hilo halina ubishi. Mimi nina kesi. Tangu nipate akili nasikia watu wakitoka kwenye hii picha wanamsema yule dada: hana shukrani, mwanaume kamtoa danguroni, kamlea kama yai, halafu siku ya siku anamrushia chakula dirishani akidhani ni ombaomba.

Nasema tunamwonea. Na aliyetufanya tumwonee ni mwongozaji mwenyewe, Balu Mahendra, tena kwa makusudi kabisa.

Kwa ambao hawajaiona, stori iko hivi (naimaliza yote, picha ina miaka zaidi ya arobaini, asije mtu kulalamika nimemharibia). Nehalata ni binti wa watu wenye uwezo. Anapata ajali ya gari, anaumia kichwa, akizinduka akili imerudi ya mtoto mdogo, hata wazazi wake hawatambui. Katika hangaika hiyo anaibwa, anauzwa danguroni, anabandikwa jina Reshmi. Somu ni mwalimu wa shule huko Ooty, milimani kusini mwa India. Rafiki yake anamkokota mpaka kwenye lile danguro wakastarehe. Anaingizwa chumbani kwa Reshmi, na haimchukui muda kuona kwamba aliyekaa mbele yake ni mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima. Anamtorosha, anapanda naye treni, anaenda kuishi naye kwake.

Pale katikati picha haina haraka. Anamsimulia hadithi ya mbweha kwa wimbo, wanaimba wenyewe Kamal na Sridevi. Anamfundisha kuvaa sari. Kuna kibwa kidogo kinaitwa Hariprasad. Binti anamwaga wino, Somu anafoka, halafu anahangaika kumbembeleza. Unajikuta umeizoea ile nyumba.

Mwisho Somu anampeleka kwa mganga wa mitishamba na akili inarudi. Ila inayorudi ni ile ya kabla ya ajali. Maisha yote ya Ooty yamefutika. Wazazi wameshafika na polisi, Somu kajificha anaogopa kukamatwa. Anapokuja kujitokeza, binti ameshapandishwa treni. Mvua inanyesha, ameanguka njiani, anachechemea, anafika dirishani na kuanza kumfanyia vile vituko vya nyani alivyokuwa akimchekesha navyo. Treni inaondoka.

Sasa irudieni mkiangalia kitu kimoja tu: tunatazama kwa macho ya nani. Kuanzia danguroni, kamera ni ya Somu. Wazazi tunawaona kidogo mwanzoni na kidogo mwishoni, hatujui hata walilalaje usiku ule binti alipopotea. Mwalimu mzima na elimu yake hendi polisi, haulizii huyu ni mtoto wa nani. Na sisi hatumuulizi, maana tumeshakuwa Somu. Ndiyo maana treni ikiondoka tunaumia kama tulioachwa sisi.

Lakini jiweke upande wa ndani wa lile dirisha. Umezinduka tu, umekutana na baba na mama, hujui umefikaje milimani. Anatokea mwanaume usiyemfahamu, katapakaa tope, anarukaruka, anaita jina ambalo si lako. Ungefanya nini? Dada wa watu alimwonea huruma, akadhani ana njaa. Mimi naona alifanya zaidi ya ambavyo wengi wetu tungefanya.

Haya, karibuni.

---

Kitonga Mwanana

Nimeweka kigoda changu hapa. Tiririkeni.

---

Steringi Hafi

Mkuu maneno umeyapanga vizuri lakini hapana.

Sawa, hamkumbuki. Kwani wazazi hawakuambiwa? Mganga aliwaeleza wazi kwamba kuna kijana ndiye aliyemleta na ndiye aliyekuwa anamtunza, ndiyo maana mzee akafuta mashtaka polisi. Sasa mtu kakurudishia binti akiwa mzima, hata kumsubiri umpe mkono wa asante? Mnakimbilia treni kama mnadaiwa? Kama hutaki nimguse binti, basi namgeukia mzee wake. Ila wa kulaumiwa lazima apatikane, siwezi kulala hivi hivi.

---

Mkanda wa Deki

@Steringi Hafi mzee mlaumu mpaka uchoke, sina mpango wa kumtetea. Kesi yangu ni ya binti tu.

---

Bi Asumini

Assalaam alaykum wanangu.

Hiyo Sadma sie hapa Unguja tuliiona kwa mkanda, si senema. Siku hizo video zishaingia majumbani: mwenye deki mmoja, mtaa mzima sebuleni kwake, watoto chini mkekani na sie wakubwa nyuma. Wimbo wa Surmai Ankhiyon Mein ukipigwa, watoto wanalala kweli kweli. Ulikuwa wimbo wa kumbembelezea mtoto, ukawabembeleza na wetu.

Sasa nikwambieni, katika sie hakuna alomsema yule msichana. Tulomsema ni Somu. Shoga yangu mmoja alikuwa akisema, "Huyu naye kilichompeleka kwa mganga kitu gani? Angekaa na mtu wake vile vile." Mwengine akamjibu, "Kampeleka kwa sababu anampenda. Asingempenda angemwacha vile vile." Walibishana hao mpaka chai ikapoa.

Mie hilo la mganga ndilo lilonikaa, kwa sababu nilishaliona kwengine. Zamani kulikuwa na Dil Ek Mandir, ya 1963. Hiyo ndiyo tuliiendea senema, onyesho la wanawake, buibui tupu ukumbi mzima. Rajendra Kumar ni daktari. Mwanamke alompenda tangu zamani, Meena Kumari, anamjia hospitali kamletea mume wake mgonjwa wa saratani amtibu. Mume ni Raaj Kumar. Daktari anajua akimponya huyu ndiyo kampoteza yule kabisa. Na anamtibu. Naye Somu ni hivyo hivyo, mkono wake mwenyewe ndio ulomfungulia mlango.

Mjukuu wangu kanitafutia, kumbe na hiyo nayo, kama Sadma, asili yake ni ya Kitamil, lugha ya kusini mwa India, Nenjil Or Aalayam ya 1962, na mwongozaji ni yule yule mmoja, C. V. Sridhar, kaitengeneza mara mbili kwa lugha mbili.

---

Madrasi wa Mbagala

Shikamoo Bi Asumini. Hapo kwa Sridhar umenifungulia njia, maana nilisoma Chennai na hii kesi pale chuoni ilikuwa haiishi. Ukitaja Sadma mbele ya Mtamil anakukatiza hapo hapo: "Umeiona Moondram Pirai?" Kama hujaiona, huna la kusema.

Moondram Pirai ilitoka Februari 1982. Balu Mahendra akaitengeneza upya kwa Kihindi, Sadma ikatoka Julai 1983. Waigizaji wakuu ni wale wale, na Silk Smitha yuko kote kwa nafasi ile ile ya mke wa mwalimu mkuu. Maeneo mengi yanafanana mpaka mkao wa mtu kwenye kiti. Kwa Kitamil Somu anaitwa Cheenu, Reshmi anaitwa Viji, na kibwa kinaitwa Subramani. Mazungumzo ya Kihindi na mashairi ya nyimbo kaandika Gulzar.

Balu mwenyewe alizaliwa Sri Lanka, akaja kusomea upigaji picha chuo cha filamu cha Pune. Kamera ya Moondram Pirai alishika yeye, na Tuzo ya Taifa ya upigaji picha akachukua yeye. Kamal akachukua ya mwigizaji bora. Mtazame anavyotumia madirisha: mwanga unaingia upande mmoja wa uso, upande wa pili anauacha kwenye kivuli, nje ukungu wa Ooty. Kipindi hicho studio nyingi za Madras (ndiyo Chennai ya leo) zilikuwa zinamwaga taa mpaka vivuli vinatoweka.

Nyimbo sasa. Muziki wote ni wa Ilaiyaraaja. Ule wa kubembeleza anaousema Bi Asumini, kwa Kitamil ni Kanne Kalaimaane, na maneno yake ni ya Kannadasan, mshairi ambaye Watamil wanamtaja kwa heshima yote. Ndio ulikuwa wimbo wake wa mwisho wa filamu. Alifariki Chicago Oktoba 1981, picha haijatoka. Gulzar akaweka maneno yake kwenye melodi ile ile, na mwimbaji kote ni K. J. Yesudas. Mimi nasikiliza yote mawili na kuchagua siwezi.

Ila Ae Zindagi Gale Laga Le, ule wa Suresh Wadkar, kwenye Kitamil haumo. Ulitungwa kwa ajili ya Sadma. Ilaiyaraaja baadaye akairudisha melodi nyumbani, akampa Rajinikanth kwenye Thambikku Entha Ooru ya 1984. Kwa hiyo mtu akikuambia Wahindi wa kaskazini huwa wanachukua tu, mtajie huo.

Na ile treni ni ya kweli. Ni reli ya milima ya Nilgiri, kutoka Mettupalayam kule chini mpaka Ooty, kilomita 46. Ilifika Coonoor 1899 na Ooty 1908, na tangu 2005 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kipande chenye mwinuko mkali kina reli ya tatu katikati yenye meno, gurudumu la meno la injini linang'ata pale ili isirudi nyuma. Stesheni ya mwisho wa picha ni Ketti, kabla hujafika Ooty. Kistesheni kidogo tu cha bonde la kijani. Nilishuka pale mara moja, na kuna vijana walikuwa wanapigana picha wakiigiza kile kituko cha nyani, wanacheka. Nilikereka kidogo, sijui kwa nini.

---

Kitonga Mwanana

@Madrasi wa Mbagala hapo kwa gurudumu la meno nimeelewa kwa nini ile treni inakwenda taratibu kiasi cha mtu mwenye mguu mbovu kuifukuzia.

---

Madrasi wa Mbagala

Ketti iko juu ya Coonoor mkuu, kipande cha meno kimeshapita. Ila na huko juu haikimbii.

---

Dawa ya Kikohozi

Wakuu, mimi ni mtu wa wodini. Niseme la kitaalamu kidogo kuhusu ubongo maana kila uzi wa Sadma lazima atokee mtu wa kusema "haiwezekani mtu asahau vile".

Kisichowezekana ni cha mwanzo. Mtu hagongwi kichwa akarudi kuwa mtoto wa miaka sita kamili, anaongea kitoto, anadeka. Hiyo ni ya sinema. Ajali ya kichwa ikiharibu kumbukumbu, kwa kawaida inafuta za karibuni na kuacha za zamani. Mfaransa Théodule Ribot alishaandika hilo tangu 1881. Na mgonjwa anabaki mtu mzima aliyechanganyikiwa, hawi mtoto.

Lakini cha mwisho, kile ambacho watu wanakikataa, ndicho kilicho karibu na ukweli! Mtu aliyeumia kichwa anaweza kupita kipindi yuko macho, anakula, anaongea na wewe, anacheka, halafu akishatengemaa kile kipindi chote hana habari nacho. Hakijafichwa mahali kwamba ukimkumbusha kitatoka. Hakikuwahi kuhifadhiwa. Ndugu wanaumia sana kwa hilo. Mama anakaa wodini wiki nzima anamlisha mwanawe kijiko kwa kijiko, mtoto akipona anamuuliza mama, "Umefika lini?" Nimeyaona macho ya mama wa namna hiyo.

Kipindi kirefu kama cha kwenye picha ni cha nadra, na zile dawa za majani za siku moja tuwaachie wenyewe. Ila kwa hilo la kusahau, Nehalata hana kosa hata chembe. Somu angecheza nyani mpaka asubuhi.

---

Steringi Hafi

Dokta umekuja kuniua kabisa.

---

Mama Watatu

Nimesoma wote, sasa niseme mimi ambaye nina mabinti.

Mmejadili shukrani kama vile kinachodaiwa kinajulikana. Hebu ondoeni muziki wa Ilaiyaraaja, ondoeni na uso mzuri wa Kamal. Binti yako kapotea na hana akili timamu. Mwanaume ambaye hajaoa kamchukua, kakaa naye nyumba moja mlimani, hajatoa taarifa popote, na moyoni ameshaanza kumpenda kama mke. Ukimkuta huyo mtu utampa mkono au utamwita mwenyekiti wa mtaa?

Najua hakumgusa. Picha inahangaika sana kutuonyesha kwamba hakumgusa, na yule Balua anayetaka kumharibu binti anapigwa na Somu nusura afe. Mimi naona Balua kawekwa pale kazi yake ikiwa kumsafisha Somu. Ukishaona mbaya wa namna ile, huyu mwingine anakuwa malaika. Lakini mapenzi ya Somu kwa binti mwenye akili ya mtoto ni kitu ambacho yule binti mwenyewe hawezi kukikubali wala kukikataa. Hana akili ya kufanya hivyo. Siku akili iliporudi ndiyo siku ya kwanza katika picha nzima alikuwa na uwezo wa kusema ndiyo au hapana. Na hakuulizwa neno. Alifanyiwa nyani.

---

Mkanda wa Deki

@Mama Watatu hii ndiyo niliyokuwa naitafuta na sikujua niiweke vipi. Ila nitakubishia kidogo kwa Balua. Mimi namwona amewekwa ili Somu ajitishe. Ile hasira anayompiga nayo si hasira ya mlezi peke yake. Akimaliza kupiga anajiona, nadhani.

Halafu kuna sehemu ya sari. Anamfundisha kuvaa, na anahangaika macho yake ayaweke wapi. Sridevi hajui lolote, anachezea mkunjo wa kitambaa kama mtoto. Kamal hasemi kitu pale, anafanya kazi ya mikono huku uso unabishana. Mwongozaji alijua swali lako. Kaliweka wazi, halafu akatuwekea muziki.

---

Madrasi wa Mbagala

Mama Watatu, kuna habari ambayo Chennai kila mtu anaijua, nami naisema kwa adabu kwa sababu inahusu marehemu.

Balu Mahendra alikuwa na mke mdogo sana, mwigizaji Shoba. Shoba aliigiza kwenye Kokila, picha yake ya kwanza kuongoza, ya Kikannada, 1977, pamoja na huyu huyu Kamal. Alishachukua Tuzo ya Taifa ya mwigizaji bora kwa picha ya Kitamil ya Pasi. Mei 1980 akakutwa amefariki nyumbani, ikasemwa kajiua. Alikuwa na miaka 17. Moondram Pirai ikafuata miaka miwili baadaye, na Balu mwenyewe alikuja kusema kwamba picha ile ilitokana na Shoba kuingia katika maisha yake na kuondoka.

Ukiijua hiyo, picha inabadilika usoni. Mtu mzima anaaga binti ambaye hatageuka tena. Wengine pale chuoni walikuwa wanasema ni maombolezo, wengine wanasema ni mtu anajitetea. Kulikuwa na dada mmoja wa Coimbatore alikuwa hataki hata kuiangalia.

---

Mama Watatu

Huyo dada wa Coimbatore namwelewa.

---

Mwana Mvita

Waama huu uzi mtamu. Nami nina langu dogo: nyimbo za Silk Smitha. Picha iko kwenye huzuni yake, mara katikati tunatolewa, tunapelekwa kwa mke wa mwalimu mkuu anavyomtamani Somu, nguo haba, O Babua Yeh Mahua, Asha Bhosle anaimba. Sikatai, wimbo mzuri, na Silk alikuwa na macho ya kusimamisha gari. Lakini ule mkondo wote ukiukata, picha haipungukiwi. Uliwekwa kuuza tikiti.

Tukizungumza kuonewa, huyo naye tumweke kwenye orodha. Wakimtaka kwa kiuno tu. Kafariki 1996 hata arobaini hajafika, na 2011 Bombay ikatengeneza The Dirty Picture kwa maisha yake na kuvuna pesa nzuri. Akiwa hai walimpa nyimbo.

---

Mkanda wa Deki

@Mwana Mvita nusu nakubali nusu nakataa. Ule mkondo una kazi moja: mwanamke mzima mwenye akili zake anamtaka Somu waziwazi, na Somu anamkimbia, anarudi nyumbani kwa yule asiyeweza kumtaka. Hiyo inasema kitu kumhusu. Ila kwamba urefu wa wimbo ulipangwa na muuza tikiti, hapo sina jibu.

---

Mtu wa Ruwi

Nasoma kutoka Muscat. Sridevi alipofariki Dubai, Februari 2018, huku Ghuba hapakuongelewa kingine. Madereva wa Kikerala, wapishi wa Kipakistani, sisi Waswahili, kila simu ina picha yake. Mwenye duka la chini yetu, Mtamil, aliacha Moondram Pirai ikicheza kwenye televisheni ya dukani bila sauti, anapima mchele huku anafuta macho.

Na swali la kuonewa lina upande wa tuzo. Kamal alipata Tuzo ya Taifa kwa Moondram Pirai. Mwaka ule ya mwanamke ilikwenda kwa Shabana Azmi kwa Arth. Filmfare nao wakamteua Sridevi kwa Sadma, akashinda nani? Shabana Azmi, kwa Arth hiyo hiyo. Shabana simdharau, Arth ni kazi kubwa. Lakini huyu mtoto wakati Moondram Pirai inatoka alikuwa na miaka 18, anaigiza mtoto wa miaka sita bila kukuchosha, na kazi zote mbili kapigwa na picha moja. Tuzo ya Taifa alikuja kuipata kwa Mom, ya 2017, akiwa ameshazikwa. Nadhani walimchoma, sijui niseme ameshachomwa? Mnanielewa.

---

Kitonga Mwanana

Tunakuelewa Ruwi.

Swali la mtu mvivu: kama ni nzuri hivi, kwa nini Sadma ilidoda kule India? Nasikia haikuuza.

---

Madrasi wa Mbagala

Haikuuza kweli. Ya Kitamil ilikaa kwenye majumba ya sinema muda mrefu mno, ya Kihindi ikapita kimya.

Mwaka ule ule wa 1983 ilitoka Himmatwala, Sridevi na Jeetendra, imejaa ngoma na rangi, ikavunja rekodi. Mtazamaji wa kaskazini akamjua Sridevi kwa hiyo. Kabla yake alishajaribu Kihindi na Solva Sawan ya 1979, ambayo nayo ni marudio ya picha ya Kitamil aliyoigiza mwenyewe, 16 Vayathinile, ikafa. Sasa mtu katoka Himmatwala anataka viuno, unampa mwanamke anayeongea na kibwa, na mwisho steringi anabaki stesheni na mvua. Kamal naye walimpokea kwa Ek Duuje Ke Liye ya 1981, lakini hakuwahi kuwa mtu wa Bombay. Huko Tamil Nadu walimjua tangu mtoto: Kalathur Kannamma ya 1960 alipewa medali ya dhahabu ya Rais angali kitoto. Watu wake walikuwa tayari kumfuata hata kwenye huzuni.

Iliyomfufua Sadma ni televisheni, kaseti na wimbo wa Suresh Wadkar.

---

Steringi Hafi

Nimeirudia usiku wa kuamkia leo kwa sababu yenu. Nimefuata maelekezo, nimejiweka ndani ya dirisha.

Wakuu, uso wa Sridevi pale haujakunjamana wala haumdharau. Anamwangalia kama unavyomwangalia mtu wa barabarani mwenye shida, anasikitika, halafu anarudi kwenye mambo yake. Hiyo ndiyo imenimaliza kuliko yote. Bora angemtukana.

Binti nimemwachia. Mzee wake bado nina naye kesi, na Somu mwenyewe nimeanza kumwangalia kwa jicho la Mama Watatu, jambo ambalo sikulipenda. Sasa nipeni nyingine ya kunitoa hapa, ya zamani, yenye asili ya Kitamil pia, ila mwisho uwe na afadhali.

---

Bi Asumini

Tazama Dil Ek Mandir mwanangu. Mume anapona.

---

Steringi Hafi

Ahsante bibi. Huyo mume ndiye steringi?

---

Mkanda wa Deki

Bi Asumini usimjibu! Ijumaa nafungua uzi wake, aje akiwa hajui.

---

Kitonga Mwanana

@Steringi Hafi kabla ya Ijumaa badilisha jina kwanza.